Siku Moja Jambiani kwa Daladala: Mwongozo wa Wanafunzi Wageni Unguja

Safari nyingi za pwani za wanafunzi wageni huharibika kwa sababu ile ile. Kundi linaangalia ratiba ya chuo, linapata Jumamosi isiyo na mtihani, linaondoka mjini saa 4 asubuhi kwa raha zake. Linafika Jambiani, kijiji cha pwani ya kusini-mashariki, saa 6 na kukuta bahari imekupwa, maji yameenda zaidi ya kilomita moja, palipobaki ni mchanga, majani na vidimbwi vya maji ya moto. Watu wanakaa chini ya mnazi wakisubiri. Maji yanaanza kurudi vizuri saa 9 alasiri, na hapo ndipo mtu anakuja kuwaambia kwamba gari la mwisho la mjini linakaribia kuondoka.

Kwa hiyo siku ya Jambiani hupangwa kwa maji kwanza. Nauli, chakula na mengineyo hufuata. Mwongozo huu ni wa kundi la watu 8 hivi, wanaosoma mjini, Tunguu au kwingineko Unguja, wanaotaka kwenda asubuhi na kurudi jioni bila kulala huko.

Kuchagua siku

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, karibu na mwezi 8 na mwezi 22 kwa tarehe za Kiislamu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Uzuri wa Unguja ni kwamba saa za bamvua hazibadiliki sana mwaka mzima. Siku za mwezi mpevu na mwezi mchanga maji hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku, na hujaa karibu saa 10, alfajiri na alasiri. Ukishajua hilo na ukajua tarehe ya Kiislamu ya siku hiyo, utapiga hesabu bila simu:

Mwezi 13 na 28: maji yanakupwa karibu saa 2 na dakika 20 asubuhi, yanajaa saa 8 na nusu mchana.
Mwezi 14 na 29: yanakupwa saa 3 na dakika 10, yanajaa saa 9 na dakika 20.
Mwezi 15 na mwezi mosi: yanakupwa saa 4, yanajaa saa 10 na dakika 10.
Mwezi 17 na mwezi 3: yanakupwa saa 5 na dakika 40, yanajaa karibu na magharibi.
Mwezi 22 na mwezi 8: yanajaa kati ya saa 3 na saa 4 asubuhi, yanakupwa karibu saa 10 alasiri.

Hesabu hii inaweza kupishana na ukweli kwa nusu saa, hata saa nzima, kwa sababu kuandama kwa mwezi na mwendo wa bahari havilingani kila mara. Itumie kuchagua siku, kisha siku mbili kabla ya safari hakikisha kwa jedwali la maji la bandari ya Zanzibar, ambalo programu nyingi za simu za maji kujaa na kupwa zinalo. Vizuri zaidi, muulize mvuvi yeyote.

Kwa watu wa daladala, siku bora ni mwezi 14 na 29, na siku moja kabla ya hapo. Unafika asubuhi maji yakiwa yamekupwa, unatembea hadi karibu na mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani, unarudi kula, unaogelea mchana maji yakijaa, na saa 10 kasorobo uko barabarani. Mwezi 15 hadi 17 ni bamvua nzuri vilevile, lakini kuogelea kunaangukia jioni na daladala haikusubiri; siku hizo changeni mkodi Noah au gari dogo la abiria. Siku za maji mafu si mbaya kwa anayetaka kuogelea tu: fika mapema, ingia majini kabla ya saa 5, halafu pumzika. Na kama wikiendi iliyopo haiangukii pazuri popote, nendeni Kendwa, kaskazini, ambako watu huogelea maji yawe yamejaa au yamekupwa. Daladala ya Nungwi ni namba 116, na Kendwa mnashuka njiani kabla ya kufika Nungwi.

Ijumaa iepukeni. Kuanzia saa 6 na nusu mchana watu wako msikitini, magari hupungua na maduka hufungwa kwa muda. Mwezi wa Ramadhani msiende kabisa kwa nia ya kula na kunywa pwani. Vijiji vya kusini ni vya watu wanaofunga, na mgeni anayekula hadharani mchana huwakwaza hata wasipomwambia. Masika, Machi hadi Mei, mvua inaweza kushika siku nzima. Vuli, kuelekea mwisho wa mwaka, ni nyepesi zaidi na mara nyingi hupita asubuhi.

Kundi na fedha

Watu 6 hadi 8 wanatosha. Wakizidi 10 hawapati nafasi kwenye daladala moja, na chakula kijijini kinachelewa. Kabla ya siku yenyewe mjue nani hajui kuogelea, tena muulizane waziwazi, maana wengi huona haya kusema wakishafika. Kila asiyejua apewe mwenzake mmoja anayejua, na wawili hao wasiachane majini.

Mchango ukusanywe kabla na ushikwe na mtu mmoja. Abebe noti ndogo za 1,000, 2,000 na 5,000. Konda na muuza madafu hawana chenji ya 10,000 asubuhi. Nauli ya daladala kwenda haifiki 5,000 kwa mtu. Muulize abiria mwenzio kabla ya kupanda, kisha lipa kiasi hicho hicho bila maneno mengi. Fedha zitoeni mjini, msitegemee mashine ya benki kijijini. Kila mmoja awe na kitambulisho cha chuo na nakala ya kibali cha kuishi, kwa sababu polisi husimamisha magari njiani, na sehemu zenye viingilio, kama msitu wa Jozani, mkaazi hulipa tofauti na mtalii.

Kikapu

Jioni ya kabla, jaza maji chupa za lita moja na nusu, uache nafasi ya vidole vitatu juu, uzigandishe. Ukijaza hadi shingoni barafu hupasua chupa. Chupa 6 zilizoganda zitapoza chakula asubuhi na zitakuwa maji ya kunywa mchana. Kwa jua la huko mtu mmoja anahitaji lita 3 kwa siku. Kwa watu 8 ni lita 24, mzigo mkubwa, kwa hiyo bebeni nusu na nyingine nunueni kijijini.

Chakula cha asubuhi na cha kutafuna kiwe kikavu: chapati 16, mayai ya kuchemsha 10, katlesi au kachori 20, ndizi na machungwa. Wali wa nazi na kitu chochote chenye tui kiacheni nyumbani. Tui huchacha upesi kwenye joto, na kikapu kilichokaa juu ya gari kwa saa mbili ni moto kweli. Chakula cha mchana kitapikwa Jambiani, tutafika hapo.

Vitu vingine: mkeka au jamvi, kanga mbili za ziada, taulo, kofia, mafuta ya jua, shati la mikono mirefu la kuogelea nalo, na viatu vya plastiki vinavyofunga kisigino. Yeboyebo zinafaa. Kandambili hazifai hata kidogo, zinang'olewa na matope na kuacha mguu peku juu ya miiba. Kwenye mfuko mdogo wa dawa weka kibano, bandeji, dawa ya maumivu na pakiti mbili za ORS, chumvi ya kuchanganya na maji anywe mtu akiharisha. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Zanzibar, beba kikapu cha ukili au begi la kitambaa, na gunia moja la taka.

Kuhusu jua: Unguja iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, na wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, ngozi hupozwa kiasi kwamba mtu haoni anavyoungua. Mafuta hupakwa nusu saa kabla ya kutoka, hurudiwa kila baada ya saa mbili na kila unapotoka majini. Sehemu zinazosahauliwa ni nyuma ya magoti, masikio na mgongo wa mguu. Wenzetu weusi nao huungua, tofauti ni kwamba wanajua usiku.

Njiani

Daladala ya Jambiani ni namba 309. Stendi za mjini zimehamahama kwa ajili ya ujenzi, muulize konda yeyote ni wapi 309 inapopakia wiki hiyo. Wanaosoma Tunguu hawana haja ya kurudi mjini, gari linapita barabara hiyo hiyo. Shida ni kwamba asubuhi linaweza kupita limejaa, hivyo kundi kubwa lisisimame pamoja, jigaweni mara mbili. Msipoipata 309, pandeni 324 ya Bwejuu mshuke njia panda ya Paje, halafu mmalizie kwa gari jingine linaloelekea kusini.

Kutoka mjini ni takriban kilomita 55. Gari dogo huchukua kama saa moja, daladala saa moja na nusu hadi mbili kwa sababu inasimama. Kwa mwezi 14, mwe ndani ya gari saa 12 na robo asubuhi. Kikapu kitapanda juu ya paa; chenye mayai mpakate. Toeni salamu mkiingia. "Assalaam alaykum" inatosha, na wazee waamkieni "shikamoo". Mwanamke mzee akikosa kiti, mwanafunzi ndiye anayesimama.

Baada ya Jozani na Kitogani barabara inafika Paje, na gari linageuka kulia kuelekea kusini. Jambiani ni kijiji kirefu kilichojinyoosha kando ya pwani kwa kilomita kadhaa, kwa hiyo "shusha Jambiani" haimwambii konda kitu. Mtajie mahali: skuli, Kikadini, Kibigija, au jina la mgahawa mliokusudia. Ukishukia mwisho usio wako utatembea nusu saa juani na kikapu.

Kutoka barabarani hadi pwani mnapita kati ya nyumba za watu. Hapo wote, wanaume kwa wanawake, mwe mmefunika mabega na magoti. Nguo ya kuogelea ni ya pwani, na ukirudi dukani kununua maji jifunge kanga.

Agizeni chakula kabla ya kugusa maji

Hili linaokoa siku. Migahawa midogo ya kijijini na akina mama wanaopika nyumbani hawaweki chakula tayari. Samaki ananunuliwa, anaparwa na kupikwa baada ya kuagizwa, na kwa watu 8 kazi hiyo huchukua saa mbili kwa urahisi. Mkiagiza saa 7 mtakula saa 9, wakati ambao maji yamejaa na gari liko karibu kuondoka.

Mkifika, kabla hata ya kuvua viatu, mtumeni mtu mmoja au wawili wanaojua Kiswahili vizuri. Salamu kwanza, habari za nyumbani, halafu shughuli. Kwa watu 8 samaki wawili wa kilo moja na nusu kila mmoja, changu au jodari wa vipande, na mchele kilo moja na nusu vinatosha na kubaki. Mkitaka pweza, semeni mapema zaidi, maana asiyechemshwa vya kutosha hutafunika kama mpira. Kubalianeni bei ya jumla, si ya sahani, mtaje saa ya kula ("saa 5 na nusu kiwe mezani"), mtoe nusu ya fedha. Ulizeni hapo hapo kama mnaweza kutumia choo na maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya kujimwagia jioni. Wengi hukubali kwa mteja wao.

Vijana watakuja pwani na ngalawa, viungo, vikuku na safari za pomboo. Papasi, yaani kijana wa namna hiyo anayewaandama wageni, anayejibiwa "asante kaka, leo hapana" kwa heshima na kwa Kiswahili huondoka mapema kuliko anayenyamaziwa.

Kutembea maji yakikupwa

Hii ndiyo sehemu ya siku ambayo wageni wengi huikosa, na ndiyo nzuri kuliko zote. Ingieni kiasi cha dakika 45 kabla ya saa ya kupwa. Kwanza mchanga mgumu wenye mistari ya mawimbi, kisha majani ya bahari, kisha mashamba ya mwani.

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande huu, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Shamba lenyewe ni vijiti vilivyopigwa mchangani kwa safu, kati yake kamba zimekazwa, na kwenye kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa uzi mwembamba. Kamba zikikaa chini ya maji ya kifundo hazionekani. Ukizikanyaga unakata uzi, na kishada kinachoanguka huchukuliwa na maji. Piteni kwenye njia zilizo kati ya vitalu, mmoja nyuma ya mwingine, msikatize. Siku za bamvua ni siku za kazi kwa wanawake hawa, muda wao ni ule ule mfupi mlio nao nyinyi. Salimieni, na picha ombeni kabla: "Mama, naomba nipige picha." Akisema hapana, ni hapana. Ukitaka kumuunga mkono mtu, sabuni ya mwani hutengenezwa kijijini Paje na jirani zake, na ni zawadi inayobebeka.

Baada ya mashamba huja mawe na vidimbwi. Angalieni nyota za bahari na msizitoe majini. Konokono hai wa bahari waacheni. Wale wenye umbo la pia (koni) wana mwiba wenye sumu, na makombe mazuri yanayookotwa kila wikiendi hayarudi upesi. Kwenye mawe hukaa pia vile viumbe vya mviringo vyenye miiba mirefu myeusi. Mwiba wake ni mwepesi kuvunjika, ukiingia mguuni ncha hubaki ndani.

Mtu akichomwa, mtoeni, muondoe miiba inayoonekana kwa kibano bila kuchimba, kisha mguu uwekwe kwenye maji ya moto ya kiasi cha nyuzi 45 kwa dakika 30 hadi 90. Mtu mwingine, asiyeumia, ayajaribu kwanza kwa mkono wake, maana mwenye maumivu hasikii joto na anaweza kuungua. Watu wa pwani hupaka utomvu wa papai pia. Kama maumivu ni makali kupita kiasi na mguu unavimba haraka, huenda amekanyaga yule samaki anayefanana na jiwe. Maji ya moto mara moja, na aende Hospitali ya Makunduchi bila kungoja. Namba ya dharura ni 112.

Sasa kurudi. Geukeni saa ya kupwa yenyewe, hata kama mwamba unaonekana uko karibu. Maji hayarudi kwa mstari kutoka kwenye mwamba kuja pwani. Yanapitia milango ya mwamba, yaani mapengo yake, yanajaza kwanza mikondo ya chini iliyo kati yenu na kijiji, na mtu anaweza kuwa amesimama pakavu huku nyuma yake mkondo umefika kiunoni. Saa ya kwanza maji hupanda kidogo tu na kuwadanganya watu. Ndani ya muda wa saa ya tatu na ya nne hupanda nusu ya kimo chote, yaani kwenye bamvua karibu mita 2. Wakulima wa mwani wakianza kubeba magunia yao kuelekea pwani, nanyi mmechelewa, fuateni.

Kula, kulala, kuogelea

Mkila saa 5 na nusu mnabaki na karibu saa nzima ya kivuli kabla ya maji kufaa. Laleni. Watu wengi hawalali kwenye safari za pwani, wanataka kumaliza kila kitu, jioni wanarudi wamechoka kuliko walivyokwenda. Si mlikuja kupumzika? Wanaoswali wana msikiti karibu popote kijijini.

Kuogelea kunafaa kuanzia muda wa saa tatu baada ya kupwa. Kwa mwezi 14 ni saa 6 na robo mchana kwenda mbele, na pazuri zaidi ni kati ya saa 7 na nusu na saa 9 kasorobo. Ndani ya mwamba hakuna mawimbi makubwa, lakini pia hakuna mlinzi wa waogeleaji, kwa hiyo mtu mmoja abaki pwani akihesabu vichwa kila robo saa, na wapokezane. Msiogelee kuelekea kwenye milango ya mwamba. Maji yakianza kutoka huvuta kwa nguvu. Upepo ukishika, hasa Juni hadi Septemba na Desemba hadi Februari, watu wa kaiti, wanaoteleza majini wakivutwa na tiara, hujaa upande wa Paje na baadhi hufika hadi huku. Kamba zao hukata. Wakiwapo, ogeleeni mahali pengine.

Msingoje machweo. Pwani hii inatazama mashariki, jua linazamia nyuma yenu, juu ya kijiji. Wanaotaka machweo ya baharini upande huu huenda Michamvi Kae, ghuba ya Chwaka, lakini hiyo ni siku ya gari la kukodi.

Kurudi

Asubuhi mkishuka, muulizeni konda gari la mwisho linaondoka saa ngapi, na mumuombe namba ya simu. Wengi wanatoa, na dereva anayejua kuna abiria 8 wanamngoja hatapita bila kusimama. Tokeni majini saa 9 kasorobo, jimwagieni maji baridi, vaeni nguo kavu kamili. Abiria wenzenu wana nguo zao safi na hakuna anayetaka kukaa pembeni ya kaptura inayochuruzika chumvi. Malizeni deni la chakula, okoteni taka zenu na hilo gunia mrudi nalo mjini, kijiji hakina mahali pa kuziweka. Saa 10 kasorobo mwe kivulini kando ya barabara.

Gari likiwapita limejaa, msikae hapo hapo mkinung'unika. Chukueni lolote hadi njia panda ya Paje, ambako magari ya Bwejuu nayo hupita, na kuna madereva wa teksi wanaotafuta abiria wa kurudi nao mjini. Mkiwa 8 mnaweza kugawana mbili. Bei ianze kuzungumzwa na yule mshika fedha peke yake, wengine wakae mbali kidogo. Bodaboda hadi mjini usiku msikubali, barabara ya Jozani ni ya kona na giza. Wanaoshuka Tunguu wakae karibu na mlango na kumkumbusha konda mkishapita Bungi.